Masanga ni gitaa moja: jibu kwa kijana wa Ruashi juu ya Jean-Bosco Mwenda

"Jambo Papa. Nina miaka 22, napiga akompanyema (gitaa la kusindikiza) katika bendi moja hapa Ruashi. Mjomba wangu anasema Jean-Bosco Mwenda alikuwa kijana wa barabarani tu, hana kazi hana bendi, mpaka mzungu mmoja akamwokota na kumfanya mtu. Ni kweli? Gitaa alifundishwa na nani? Mbona hakwenda Kinshasa kama wakubwa wengine? Na tena, Masanga nimeusikiliza mara nyingi, bado sijui kama ni gitaa moja au mawili."

Mwanangu, nianzie mwisho. Katika Masanga, wimbo huo wa Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wetu wa Katanga, kusini mwa Kongo, gitaa ni moja. Usione haya kwa kuuliza. Mimi nilipousikia wimbo huo mara ya kwanza, katika redio ya jirani kule Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, niliapa kwamba watu ni wawili: mmoja anatembea chini kwenye nyuzi nene, mwenzake anacheka juu kwenye nyuzi nyembamba. Nilibishana na kaka yangu mpaka mama akatufukuza uani. Kaka ndiye aliyesema kweli, na mpaka leo hajanisamehe kwa kutomwamini. Hilo la gitaa moja nitalirudia, kwa sababu ndani yake mna jibu la karibu maswali yako yote.

Sasa mjomba wako. Ana kipande cha ukweli mkononi, ila amekishika kichwa chini miguu juu. Ni kweli kwamba mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka nchi za kusini na katikati ya Afrika na vyombo vyake vya kurekodia, alimkuta Bosco katika mji wa Jadotville, ambao sisi leo tunauita Likasi. Ni kweli pia kwamba hapakuwa na bendi nyuma yake. Lakini mtu kukutwa na gitaa barabarani hakumfanyi kuwa mtu wa barabarani. Miaka ile, jioni baada ya king'ora cha kazi, barabara ya sité, yaani mitaa walikoishi wafanyakazi, ndiyo ilikuwa ukumbi. Hata fundi wa reli mwenye mshahara mzuri alitembea akipiga gitaa, watoto wakamfuata, wasichana wakajifanya wanakwenda kuchota maji. Tracey hakumtengeneza mwanamuziki. Alichokuta ni kijana wa miaka ishirini na miwili, umri wako wewe, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha kuiva.

Iliivia wapi? Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, kaskazini mwa Likasi. Bunkeya si kijiji cha hivi hivi. Ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Bayeke, ambao wazee wao walitoka Unyamwezi, upande wa Tabora ya leo, karne ya 19, wakifuata shaba na pembe za ndovu. Msiri aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa kikoloni wa Stairs, lakini ukoo haukufa wala jina halikufa. Mwenda ni jina la kiti kile cha ufalme. Ndiyo maana baadaye, nchi ilipogeuka Zaïre na majina ya Kikristo yakawekwa pembeni, yeye hakuhangaika kutafuta jina jipya. Akawa Mwenda wa Bayeke, basi.

Na hilo jina la kwanza, Jean-Bosco, nalo lina habari yake. Wamisionari Wasalesiani, watoto wa Don Bosco, walifika mji huu wetu wa Lubumbashi mwaka 1911, ukiwa bado na mwaka mmoja tu tangu kuanzishwa. Mwaka 1929 Kanisa lilimtangaza John Bosco kuwa mwenye heri. Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wetu. Huku Katanga ukiita "Jean-Bosco!" sokoni, mpaka leo watageuka watu sita.

Tazama basi mtoto huyo alikuwa na nini mikononi kabla hata ya kugusa gitaa: ngoma na nyimbo za Bayeke nyumbani, nyimbo za Kanisa, na mji wa migodi ulio karibu. Katika mji huo Union Minière, kampuni ya migodi, ilikuwa imekusanya watu kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na kwingineko, wote wakilazimika kuelewana kwa Kiswahili. Kiswahili hicho ndicho chetu, ambacho watu wa pwani wanakicheka mpaka leo. Kumbuka jambo hilo, maana ndilo litakalomfikisha Nairobi.

Unauliza nani alimfundisha. Swali hilo, mwanangu, umelileta kutoka shuleni, kwenye mwalimu mbele na ubao nyuma yake. Gitaa la sité halikufundishwa hivyo. Liliibwa kwa macho. Mdogo alikaa upande wa kushoto wa mkubwa ili aone vidole vinashika wapi, akaenda nyumbani mbio kabla hajasahau, akavijaribu kwenye gitaa la bati lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Kama mkubwa alikuwa mchoyo, aligeuka akaficha mkono. Sisi wa rika langu tulijifunza hivyo hivyo, na wanaojifunza kwenye simu leo wanafanya lile lile, tofauti ni kwamba mkubwa wa kwenye simu hawezi kugeuka.

Kuhusu masikio, tunajua alichokuwa akisikia, kwa sababu mwenyewe alisema na kwa sababu kinasikika. Kwanza santuri za Kikuba. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilitoa santuri zenye herufi GV na namba, zilizojaa son na rumba za Havana, na hizo zilienea Kongo nzima kama moto wa kiangazi. Trio Matamoros, watu watatu tu na magitaa yao, zilikuwa sauti zilizompendeza. Pili, sinema za kauboi, zile zinazoonyeshwa kwenye ukuta mweupe uani, ambamo mtu mwenye kofia anashuka kwenye farasi, anachukua gitaa na kuimba peke yake bila bendi. Ukiwaza juu ya kijana wa Jadotville asiye na saksofoni wala kikuza sauti, mtu huyo wa peke yake lazima alimwambia jambo. Tatu, muziki wa huku na wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia. Wengi husahau hili la tatu, na mimi naona ndilo kubwa kuliko yote. Sikiliza likembe, ile kalimba ya ndimi za chuma. Gumba moja linajibu jingine, na hakuna hata moja linalobeba wimbo mzima. Ukimaliza, weka Masanga. Utanipigia simu.

Hapa ndipo tunarudi kwenye gitaa moja. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba na kidole cha shahada. Hakutumia mediatori, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi. Gumba linashuka kwenye nyuzi nene, shahada inapanda kwenye nyembamba. Mpaka hapo hakuna cha ajabu, wapiga gitaa wengi wa Katanga na Kenya walifanya vile. Ajabu ni kwamba gumba lake halikukubali kuwa mtumishi. Kwa wapigaji wengi gumba ni saa ya ukutani, tik-tak, tik-tak, linaweka mwendo huku shahada ikiimba. Kwake gumba nalo linaimba. Linaanza sentensi yake mahali pengine, linamaliza mahali pengine, na katikati shahada inaingiza maneno yake bila kuomba ruhusa. Sikio linashindwa kuamini kwamba sauti mbili zisizosubiriana zinatoka kwenye mkono mmoja, kwa hiyo linajitungia mtu wa pili. Ndiyo maana mimi na kaka yangu tulikosa amani.

Na kuna jambo la pili ambalo wewe mpiga akompanyema utalihisi haraka. Mizunguko ya sauti katika Masanga ni ile ile rahisi, akodi tatu ambazo unazipiga kila Jumamosi. Lakini kila mzunguko ukirudi, hukuti chakula cha jana. Bosco anabadilisha kidogo, halafu anabadilisha alichokibadilisha. Mtaalamu mmoja wa muziki, David Rycroft, alikaa na rekodi hizo akaziandika noti kwa noti, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akachapisha makala mbili nzima juu ya ubunifu wa gitaa la Bosco. Makala mbili, kwa kijana ambaye mjomba wako anasema aliokotwa.

Hugh Tracey mwenyewe tumpe haki yake. Alibeba mashine mpaka Jadotville, akasikia, akasimama. Wengine walipita barabara ile ile na hawakusimama. Rekodi zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg kwa nembo ya Gallotone, kwenye santuri zile nzito za mizunguko 78 ambazo upande mmoja unabeba kama dakika tatu. Dakika tatu, mwanangu. Ukitaka kujua kwa nini hakuna noti hata moja ya kupoteza wakati katika rekodi za 1952, tazama saa. Mpigaji aliyezoea kuchezesha watu usiku kucha ilibidi aseme yote kabla sindano haijafika katikati.

Kampuni hiyo hiyo iliuza pia magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini, nayo yalisambaa kote huku. Nimetengeneza mawili matatu mezani kwangu, mbao zake ngumu kama mlango. Moja la aina hiyo, Gallotone Champion, lilisafiri mpaka Uingereza likafika mikononi mwa kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon, naye alilipiga na bendi yake ya kwanza mwaka 1957, kabla dunia haijajua neno Beatles. Siku mtu akikwambia gitaa la bei rahisi ndilo linakurudisha nyuma, mkumbushe hilo.

Sasa Kinshasa. Mbona hakwenda? Fungua ramani. Kutoka huku hakukuwa na treni ya kukufikisha moja kwa moja. Ulipanda treni mpaka Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, ukashuka, ukapanda meli ya mto Kasai, na siku zikahesabika. Lakini treni ya kwenda kusini, Rhodesia na mpaka Afrika Kusini, ilikuwa imefika hapa tangu 1910. Bidhaa na santuri zilipitia huko, na watu vilevile. Katanga ya wakati huo ilikuwa na mgongo upande wa Kinshasa na uso upande wa kusini na mashariki. Ukiyasikiliza magitaa yetu ya zamani pamoja na yale ya Zambia, utawasikia ndugu wanaosalimiana kupitia dirisha.

Tena kule mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ilikuwa na studio zake: Ngoma tangu 1948, kisha Opika na Loningisa. Mfikirie Franco, mpiga gitaa mkubwa wa kule, aliyezaliwa 1938, mdogo wa Bosco kwa miaka minane. Naye alianza na gitaa la kujitengenezea, mama yake akiuza mikate sokoni, Ebengo Dewayon akimwonyesha njia. Lakini akiwa na miaka kumi na mitano, mwaka 1953, alikuwa tayari ndani ya studio ya Loningisa, na mwaka 1956 bendi yake OK Jazz ikazaliwa. Studio ilimpa gitaa, ikampa wenzake wa kupiga nao na mahali pa kwenda kila asubuhi. Gitaa likaingia umeme, likagawanywa: huyu solo, huyu akompanyema, huyu basi, gitaa la sauti nene. Wewe mwenyewe ni mtoto wa mgawanyo huo, ndiyo maana ukasikia watu wawili katika Masanga. Umezoea kwamba kila sauti ina mwenyewe.

Huku kwetu studio ilikuwa ni gari linalopita. Likiondoka, limeondoka. Mwanamuziki alibaki na mshahara wake wa kazi nyingine, na gitaa moja ambalo ilibidi lifanye kazi ya bendi nzima, labda na rafiki anayegonga chupa. Uwezo ule wa Bosco naamini ulitokana na hali hiyo. Hakuwa na wa kumwachia basi, akaipa gumba.

Hata hivyo usifikiri alikuwa mti peke yake porini. Alikuwepo ndugu yake Edouard Masengo, ambaye gitaa lake ni laini zaidi na sauti yake tamu zaidi. Mimi, nisamehewe, siku za mvua namsikiliza Masengo kuliko Bosco. Masengo alitoka katika Jecoke, wale Jeunes Comiques de la Kenya, vijana wachekeshaji wa komuni yetu ya Kenya, kundi lililoimba, likacheza, likachekesha. Katika mazingira hayo hayo ndimo walimotoka Mufwankolo na wenzake, ambao bibi yako atakusimulia vichekesho vyao vya redio na televisheni bila kukosea neno. Na alikuwepo Losta Abelo, mpiga gitaa mwingine wa huku. Kwa hiyo mjomba akisema Bosco "hana bendi", mwambie mji mzima ulikuwa ukisikilizana.

Nairobi nitaipita haraka kidogo, ingawa kuna wanaosema ndiko alikofanya makubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 alikaa huko kwa muda, akawa na kipindi chake redioni. Masengo naye alifika huko. Fikiria kijana wa Kisumu au Kakamega anawasha redio, anasikia gitaa ambalo hajawahi kulisikia, na maneno yake anayaelewa! Nyimbo za Léopoldville zilikuwa kwa Kilingala. Watu wa Kenya na Tanganyika walizicheza bila kuzielewa. Bosco aliwaimbia kwa Kiswahili, cha Katanga lakini Kiswahili, na kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kikakaa upande wa kushoto wa redio kumwibia vidole. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la muziki la Newport, Marekani. Mwaka 1982 alizuru Ulaya na kurekodi tena, na mwaka 1988 akarekodi Afrika Kusini. Alifariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia, ndugu zetu wengi wakapata habari kwa kuambiana mdomoni.

Hukuuliza wazi, lakini naona swali jingine limejificha nyuma ya maswali yako manne, maana kijana wa miaka 22 haulizi kama Bosco "alikuwa na kazi" bila sababu. Unataka kujua kama uache kazi upige gitaa. Bosco hakuacha. Karibu maisha yake yote ya utu uzima, hapa Lubumbashi, alikuwa na kazi ya kulipwa: amefanya kazi benki, amefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, akasimamia bendi, akamiliki hoteli kuelekea mpaka wa Zambia. Wageni waliokuja kutoka Ulaya na Marekani kujifunza kwake walimkuta ni mzee mwenye shughuli zake. Wengine husimulia jambo hili kwa huruma, kana kwamba gitaa lilimshinda kumlisha. Mimi siioni huruma hiyo inatoka wapi. Mtu aliyekuwa na mshahara hakulazimika kupiga anachotaka mwenye baa. Lakini wewe unajua hali ya nyumbani kwako, na mimi siijui.

Nikuachie kazi ya wiki mbili. Weka mediatori mfukoni. Shika akodi ya do, piga kwa gumba peke yake mpaka uweze kuzungumza na mtu huku unapiga, kumjibu kabisa, bila gumba kusimama. Siku tatu nne hivi. Usiongeze shahada kabla ya hapo, utajidanganya. Ukiiongeza, iongeze kwa noti moja tu, kati ya mapigo ya gumba, si juu yake. Halafu anza kuondoa: gumba liruke pigo moja, shahada ilijaze. Hapo mkono utakataa. Utakuwa na hasira, utaliweka gitaa chini, utatoka nje. Kawaida hiyo.

Ukishaanza kufuata rekodi yenyewe, jihadhari na jambo moja: santuri za 78 zilipohamishwa kwenda kanda na kompyuta, kasi haikuwa sawa kila mara, kwa hiyo gitaa lako linaweza kuonekana liko juu au chini kidogo kuliko lake. Usianze kukaza nyuzi zako mpaka zikatike. Lipandishe au ulishushe taratibu mpaka likubaliane na rekodi uliyo nayo, au tumia kibano cha kubana nyuzi shingoni. Wazee walifunga kalamu ya risasi kwa mpira shingoni mwa gitaa, na kalamu hiyo inafanya kazi mpaka leo.